PHP Imekufa? Jinsi ya Kupima Lawama Zinazotupiwa Tovuti na Zana Zake

Mkuu wa shule moja ya sekondari alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Kijana mmoja aliyekwenda kumwomba kazi alikuwa amemwambia kwamba tovuti ya shule imeandikwa kwa PHP, kwamba PHP ni lugha ya programu iliyokufa, na kwamba dawa ni kubomoa yote na kujenga upya kwa React, zana ya kisasa ya kujengea kurasa za tovuti. Bei aliyotajiwa ingetosha kununua madawati ya darasa zima. Nikamwomba asilipe chochote kabla sijaiona. Akaniambia, "Fundi, kila mtu ananiambia lake. Mimi nitajuaje nani anasema kweli?"

Swali hilo nimelisikia kwa wengi. Wanachuo wanataka kujua wajifunze lugha gani ili wasije wakapitwa. Wenye maduka wanaambiwa tovuti zao zimekaa kizamani. Kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi wa programu ugomvi hauishi: JavaScript ni takataka, WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) ni ya wavivu, React inaua simu za watu. Nyingi ya lawama hizi zina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba ukweli huo ulizaliwa mahali fulani, kwa kazi fulani, mwaka fulani, kisha ukatembea mjini bila kitambulisho. Ndiyo maana kila lawama inayonifikia naiuliza imemzuia nani, kufanya nini, kwa simu gani, na lini.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Fikiria umeenda kula kwa mama ntilie. HTML ni chakula chenyewe: maandishi, picha, majedwali na viungo vya kukupeleka kurasa nyingine. Ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilichopo Uswisi. CSS ni namna chakula kinavyopangwa sahanini na meza inavyopambwa, yaani rangi, nafasi na ukubwa wa herufi. JavaScript ndiyo inayofanya ukurasa uitikie unapougusa, kwa mfano menyu inapofunguka au hesabu inapobadilika papo hapo. Seva ni jiko, kompyuta iliyo mbali ambako chakula huandaliwa. PHP, Python na Ruby ni lugha za wapishi wa humo jikoni, na mteja hazioni kabisa. Kivinjari, iwe Chrome au Opera Mini, ndiyo meza anayokalia mteja. Kisha kuna fremuweki, yaani kazi zilizokwisha kuandaliwa na watu wengine ili fundi asianze na kukuna nazi kila siku.

Sasa tuje kwa PHP yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, akaitoa kwa umma Juni 1995. Hakuwa amekaa chini kubuni lugha ya dunia. Ilikua kama mtaa ambao haukupimwa: kila aliyekuwa na haja aliongeza chumba pale alipopata nafasi, na leo ukipita unakuta uchochoro mmoja unaelekea mashariki na wa jirani unaelekea magharibi. Ukitafuta neno ndani ya sentensi kwa amri iitwayo strpos, unatanguliza sentensi kisha neno. Ukitafuta kitu ndani ya orodha kwa in_array, unatanguliza kitu kisha orodha. Watu walioandika PHP miaka 20 bado wanafungua mwongozo kukumbuka kipi kinatangulia. Ni kero ya kweli, ila ni kero ya fundi. Haijawahi kumzuia mzazi kusoma tarehe ya kufungua shule.

Lawama nyingine zilikuwa nzito kuliko hiyo. Zamani PHP ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals. Chochote ambacho mgeni aliandika kwenye anwani ya ukurasa kiligeuka kuwa taarifa ya ndani ya programu. Chukua programu iliyotumia jina admin kukumbuka kama aliyeingia ni msimamizi. Mwandishi akisahau kulipatia jina hilo thamani mwanzoni, mgeni aliongeza tu ?admin=1 mwishoni mwa anwani, na mlango ukafunguka. Mpangilio huo uliacha kuwashwa wenyewe mwaka 2002, ukaondolewa kabisa kwenye toleo la 5.4 mwaka 2012. Toleo la 7, lililotoka mwishoni mwa 2015, liliongeza kasi kwa kiasi ambacho wenye seva walikiona bila kugusa hata mstari mmoja wa kazi zao. Toleo la 8 la mwaka 2020 lilirekebisha kioja cha miaka mingi: kabla yake, ukiuliza kwa alama mbili za usawa kama sifuri ni sawa na neno "ndizi", PHP ilikujibu ndiyo.

Kwa hiyo ukisikia PHP ni mbovu, uliza ni PHP ya mwaka gani. Seva ikiwa bado inaendesha toleo la 5.6, lililoacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018, lawama hiyo ni ya haki kabisa, na dawa yake ni kupanda toleo. Habari za kifo ndizo zisizo na msingi. Wikipedia inaendeshwa na programu iliyoandikwa kwa PHP. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, nayo ni PHP, na inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Hao wanaosema WordPress inadukuliwa hovyo nao wameona jambo la kweli, ila mara nyingi mlango unaovunjwa ni plagini, yaani kipande cha nyongeza, iliyowekwa na mtu, ikasahaulika, na haijasasishwa kwa miaka.

Hapa mafundi wengi hurukia upande wa pili na kusema zana haina kosa, kosa lote ni la anayeitumia. Sikubaliani nao. Kona moja ya barabara ikiua watu kila mwaka, huwezi kuendelea kuwalaumu madereva peke yao. Zana nyingine zinamsukuma fundi kwenye kosa, na aliye mgeni ndiye anayeangukia humo kwanza.

Mfano mzuri ni JavaScript. Brendan Eich aliiandika mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, toleo la mwanzo kwa siku 10. Chukua fomu ya duka la mtandaoni yenye kisanduku cha bei, ambamo muuzaji ameandika 5000. Fundi anataka kuongeza nauli ya bodaboda, 2000. Anaandika bei kujumlisha nauli, anafungua ukurasa, na skrini inamwonyesha mteja jumla ya shilingi 50002000. Hakuna onyo lolote lililotokea. Kilichotokea ni kwamba kila kinachoandikwa kwenye kisanduku hufika kama maandishi hata kikiwa tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi upande mmoja huyaunganisha na ya upande wa pili kama shanga. Ubaya zaidi ni kwamba ukitoa badala ya kujumlisha, 5000 toa 2000, unapata 3000 safi kabisa. Fundi aliyejaribu punguzo kwanza anaondoka akiamini hesabu yake iko sawa.

Hilo ni kosa la lugha na la fundi kwa pamoja. Na lugha haiwezi kujirekebisha, kwa sababu tovuti za zamani zisizohesabika zinategemea tabia hiyo hiyo, na zingevunjika siku ambayo ingebadilishwa. Ndiyo maana Microsoft walitoa TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript, mwaka 2012. Ukiieleza kwamba bei na nauli ni namba, inamkemea fundi akileta maandishi mahali pa namba, kabla mteja hajaona kitu. Anayeilaumu JavaScript kwa jambo hili ana haki.

Lakini linganisha na lawama nyingine inayopendwa sana. Ukiiambia JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, inakujibu 0.30000000000000004. Watu hupiga picha ya skrini na kuisambaza kama ushahidi wa ulevi wa lugha hiyo. Jaribu Python, utapata jibu lile lile. Java vilevile. Kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namna hiyo, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu: 0.333 na kuendelea bila mwisho. Lawama mbili, lugha moja, na moja tu kati ya hizo inaihusu lugha hiyo.

React nayo ilitoka Facebook mwaka 2013, ikiwa imezaliwa na shida ya Facebook wenyewe, yaani ukurasa wenye vitu vingi vinavyobadilika kila sekunde: ujumbe, taarifa, maoni, idadi ya waliopenda. Rudi kwa mama ntilie. Kwa njia ya zamani mpishi anapika jikoni kwake na wewe unaletewa sahani ya wali na maharage, unakula. Kwa njia ambayo wengi wanatumia React, unaletewa mchele mbichi, nazi, mbuzi ya kukunia, mafuta na karatasi ya maelekezo, upike mezani pako. Jiko unalopikia ni simu yako.

Kama jiko lako ni la gesi lenye plate nne, utapika haraka na pengine utafurahi, maana ukitaka sahani ya pili huhitaji kumwita mtu. Programu ya kuandikia nyaraka, ramani unayoivutavuta, mazungumzo ya papo kwa papo, hivi vyote vinastahili jiko nyumbani, kwa sababu mtu anakaa humo muda mrefu akigusa vitu vingi. Lakini mzazi anayetaka kusoma ada ya kidato cha kwanza amekuja kwa sahani moja tu. Ukimletea gunia la mchele, kwanza analipia usafiri wake kwa bando lake, kisha simu yake ndogo inahangaika kupika huku skrini ikiwa nyeupe. Fundi haoni taabu hiyo, kwa sababu anajaribia kazi yake kwenye kompyuta yenye nguvu iliyounganishwa na faiba ya ofisini.

Ni haki kusema pia kwamba React ya leo inaweza kupikwa kwenye seva na kuletwa ikiwa tayari. Wanaosema React lazima ianze na ukurasa mweupe wanazungumzia namna moja ya kuitumia. Hata hivyo, mara nyingi mchele mbichi huja nyuma ya sahani hiyo, na uzito unabaki. Kwa tovuti ya shule, zahanati au duka la vifaa, mimi bado nachagua sahani iliyopikwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, waliokwisha kusema hivyo hawakuwa wakizungumzia programu, lakini nimeona kampuni ndogo zikiacha kitu kinachofanya kazi kwa sababu tu jina jipya limevuma, na miaka miwili baadaye hazina fundi wa kukitunza kile kipya.

Kuna lawama moja ya zana za kisasa ambayo watu wengi hawaijali ipasavyo, nayo ni kutegemea vipande vya watu usiowajua. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kazi zake kwenye hazina ya npm, ambako mafundi wa JavaScript huchukua vipande vilivyotengenezwa na wenzao. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Programu kubwa zilizokuwa zikitegemea programu nyingine, zilizotegemea nyingine tena, hadi kufikia mistari hiyo 11, zikagoma kujengwa kwa saa kadhaa. Ukiletewa tovuti mpya, muulize fundi amechukua vipande vingapi vya nje, na nani atavisasisha baada ya yeye kuondoka.

Muonekano nao una lawama zake, na hapa vitu viwili huchanganywa kila siku, ladha na kizuizi. Kutopenda zambarau ni ladha. Kijivu hafifu juu ya nyeupe ni kizuizi. Toka nje saa saba mchana, simama kituo cha daladala, ujaribu kusoma maandishi hayo kwenye simu yenye mwanga mdogo. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikika na watu wote imeweka hata namba: maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Namba hiyo inapimika kwa zana za bure, hakuna haja ya kubishana. Vivyo hivyo ile alama ya mistari mitatu inayoficha menyu. Kijana anaijua. Mzee aliyenunua simu janja ya kwanza haoni menyu, anaona mapambo.

Serikali ya Uingereza ilizindua tovuti yake ya GOV.UK Oktoba 2012. Wapo walioiona inachosha: maandishi makubwa meusi, nafasi nyeupe, picha karibu hakuna. Mwaka 2013 ilipewa tuzo ya Muundo Bora wa Mwaka ya Jumba la Makumbusho ya Usanifu la London, kwa sababu mtu alipata alichofuata na kuondoka. Kwetu, angalia kurasa za matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Kila mwaka nasikia watu wakizicheka kwamba zimekaa kama za miaka ya tisini: jedwali tupu, namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja, masomo. Mimi naziheshimu. Siku ya matokeo familia nzima imeinamia simu moja, pengine yenye ufa, mtandao umeelemewa, na kinachotakiwa ni mstari mmoja wa jedwali. Faili tupu la HTML halihitaji seva ifikiri wala simu ipike.

Sasa, kama kuna kitu kinachopimika, kwa nini tusipime tu na kumaliza? Tupime, ila namba nazo zina mitego. Mhandisi mmoja wa YouTube alieleza jinsi alivyopunguza uzito wa ukurasa wa video kutoka MB 1.2 hadi chini ya KB 100. Alipouweka kwa sehemu ndogo ya watumiaji, wastani wa muda wa kufunguka ulipanda. Ukurasa mwepesi mara kumi ulionekana kufunguka polepole zaidi. Alipozitazama takwimu kwa maeneo, akakuta watu wengi wapya kutoka Afrika, Kusini Mashariki mwa Asia, Amerika Kusini, hata Siberia. Ukurasa wa zamani uliwachukua watu hao dakika 20, kwa hiyo walikuwa hawaji. Mpya uliwachukua dakika mbili, wakaja, na dakika zao mbili zikaingia kwenye wastani. Aliyekuwa hafiki kabisa hakuwahi kuhesabiwa. Tangu nisome habari hiyo, fundi akiniambia "watumiaji wetu hawalalamiki", namuuliza waliokata tamaa kabla ukurasa haujafunguka anawahesabu wapi.

Turudi shuleni. Nilikaa na mkuu ofisini kwake, tukafungua tovuti kwa simu yake ya zamani, ile anayompa mjukuu achezee. Kichwa cha tovuti kikatokea, kisha nafasi nyeupe, kisha picha ya kwanza ikaanza kushuka utepe mmoja mmoja kama pazia. Ilikuwa picha ya mahafali, iliyotoka kwenye kamera na kupandishwa moja kwa moja: pikseli 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. Upana wa skrini ya simu ile ni pikseli 720. Picha hiyo ikikaa humo inahitaji nukta 388,800 tu (720 kwa 540), kwa hiyo kati ya kila nukta 31 ambazo mzazi amezilipia bando, anaiona moja. Picha zilikuwa tisa, zikipokezana zenyewe juu ya ukurasa, jumla MB 43.

PHP haikuhusika hapo. Ingejengwa upya kwa React, picha zile zile zingepandishwa, na pazia lingeshuka vilevile. Kijana aliyetaka kazi aliona kweli kwamba tovuti ni nzito, na nilimwambia mkuu hivyo. Alikosea kumtaja mhalifu. Tulipunguza picha zote tisa hadi KB 700 kwa jumla, tukaacha moja juu na nyingine zikaenda ukurasa wa picha. Mkuu alizisikitikia kidogo zile zilizokuwa zikipita, na hiyo ni ladha yake, sikumbishia. Seva tukaipandisha hadi toleo la 8 la PHP, baada ya kuhifadhi nakala ya kila kitu.

Kilichobaki ni ada. Ilikuwa imewekwa kama picha ya karatasi iliyopigwa skani, herufi ndogo, muhuri umefunika pembe moja, na mzazi alilazimika kuvuta kwa vidole viwili kila mstari. Tukaiandika upya kama jedwali la kawaida la HTML, mistari sita. Mkuu akachukua simu ile ile, ukurasa ukafunguka kabla hajamaliza kuvaa miwani. Akaanza kusoma kwa sauti, muhula wa kwanza, muhula wa pili, kisha akanyamaza. Ada ya muhula wa pili ilikuwa na sifuri moja pungufu. Nilikuwa nimenakili kama ilivyokuwa kwenye skani, na skani hiyo ilikuwa imekaa pale mwaka mzima.